Kila siku anasogea ubaoni: majibu ya barua zenu kuhusu macho yasiyoona mbali

Toleo lililopita niliandika kuhusu macho yanayowasha na kutoa machozi, nikategemea barua za safari hii zingekuwa za hayo hayo. Sivyo. Nyingi zimeuliza kuhusu kutoona mbali: watoto wasiosoma ubao, watu wazima wasiojua daladala inakwenda Kisesa au Buhongwa mpaka konda apige kelele, mama mjamzito aliyetishwa kuhusu kujifungua. Kazi yangu ni kupima macho hapa Mwanza, kliniki na mashuleni, na hakuna tatizo ninaloona linawaonea watoto kimyakimya kama hili. Kwa hiyo ukurasa wote nimeupa jambo hilo moja. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

Mwalimu anasema mwanangu ni mvivu

*Shikamoo dokta. Mwanangu wa kiume yuko darasa la tano. Mpaka la tatu alikuwa hatoki kwenye tano bora, sasa ameshuka mpaka nafasi ya arobaini na kitu. Mwalimu wake anasema ni mvivu na msumbufu, kila mara anaacha dawati kwenda ubaoni, au ananakili kwa jirani. Nilimpeleka kupimwa, akaandikiwa miwani ya minasi mbili na nusu macho yote mawili. Bibi yake amekataa, anasema miwani itamharibu macho azoee. Baba yake anataka apewe kwanza miwani ya nguvu ndogo. Kwetu hakuna anayevaa miwani. Yametoka wapi haya? — Mama wa Igoma*

Marahaba mama, na pole. Tuanze na rula. Minasi mbili na nusu maana yake ni kwamba jicho la mwanao linaona sawasawa mpaka sentimita 40 tu. Chukua rula yake ya shule ya sentimita 30, iweke kwenye kona ya jicho ikielekea mbele, ongeza upana wa kiganja chako. Hapo ndipo mwisho. Daftari liko ndani ya mpaka huo, ndiyo sababu mwandiko wake hauna kasoro na nyumbani hakuna aliyeshtuka. Ubao uko mita kadhaa kutoka dawatini. Mwalimu akisimama mbele ya darasa, mtoto anamtambua kwa rangi ya nguo na kwa sauti, uso haupo. Hesabu yenyewe ni nyepesi, hata yeye wa darasa la tano anaiweza: mita moja gawanya kwa namba ya miwani. Minasi moja, mpaka mita moja. Minasi mbili, nusu mita. Minasi nne, robo mita.

Yametoka wapi? Jicho linakua kama mwili unavyokua. Mtoto anazaliwa na jicho lenye urefu wa kama milimita 17 kutoka mbele kwenda nyuma, na la mtu mzima linafika kama 24. Mwanga ukiingia unakunjwa na konea, ile sehemu angavu ya mbele, kisha na lenzi iliyo ndani, mpaka ukutane juu ya retina, pazia la nyuma linalopokea picha. Jicho likirefuka kupita kiasi, mwanga unakutana kabla ya kufika kwenye retina, na kinachofika ni ukungu. Milimita moja ya ziada inatosha kuleta minasi mbili na nusu hadi tatu. Milimita moja, mama, ndiyo imemtoa mwanao kwenye tano bora.

Kwa hiyo hakulogwa, hana minyoo ya macho, wala hukukosea chakula. Kurithi kunachangia, na namna watoto wanavyoishi siku hizi inachangia pia, hilo nimelieleza kwenye barua inayofuata. Ila usitegemee sana hilo la kwamba kwenu hakuna anayevaa miwani. Watu wengi wa umri wenu hawajawahi kupimwa hata mara moja. Siku ukimrudisha mtoto, wewe na baba yake kaeni kwenye kiti msome chati.

Sasa bibi. Namheshimu, na najua alichokiona. Amewaona watu waliovaa miwani wakashindwa kuivua, na namba zao zikawa zinapanda kila walipopimwa, akaunganisha mambo hayo mawili. Wanashindwa kuivua kwa sababu wameonja kuona na hakuna anayetaka kurudi kwenye ukungu. Namba inapanda kwa sababu mtoto anakua na jicho linaendelea kurefuka, ingepanda hata miwani ingebaki kabatini. Lenzi ya minasi ni nyembamba katikati na nene pembeni, kazi yake ni kuusogeza mwanga nyuma mpaka ukutane kwenye retina. Haigusi jicho, hailitii uvivu, hailifundishi tabia mbaya. Mkalishe bibi, mvalishe mjukuu miwani mbele yake, halafu mtoto amsomee kibao cha duka lililo ng'ambo ya barabara. Bibi wengi wamelainika kwa njia hiyo mbele ya macho yangu.

Na baba, kwa heshima: miwani pungufu haimsaidii. Jambo hilo lilijaribiwa Malaysia, matokeo yakachapishwa 2002. Watoto waliopewa makusudi miwani yenye nguvu pungufu, namba zao zilipanda haraka kuliko za wenzao waliopewa namba kamili. Mpe kamili, aivae darasani na nje ya darasa, na arudi kupimwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kwa sababu miwani ya mwaka juzi kwa mtoto wa umri huo mara nyingi imeshakuwa ndogo.

Kabla hujalipia fremu, kuna swali moja nataka uulize ulikompeleka: alitiwa matone kabla ya kupimwa? Jicho la mtoto lina nguvu kubwa ya kujikaza, likijikaza wakati wa kipimo linatoa minasi ya uongo, au linatoa kubwa kuliko iliyopo. Matone yanalilegeza kwa muda ndipo namba ya kweli inaonekana. Ataona ukungu wa karibu na mwanga utamuumiza kwa saa kadhaa, mvalishe kofia, itaisha. Mtoto akipimwa kwa mashine peke yake kwa dakika mbili na kuandikiwa miwani bila matone, rudi ukaombe matone.

Nina neno na walimu pia, na naliandika bila kuficha kwamba linaniuma. Mtoto asiyeona mbali halalamiki. Atalalamikaje, na hajawahi kuona vingine? Anadhani ndivyo dunia ilivyo kwa kila mtu. Shule moja ya mlimani hapa mjini nilimvalisha msichana wa darasa la sita fremu ya majaribio, nikamgeuza dirishani aangalie mbali kabla ya kurudi kwenye chati. Akakaa kimya, akaangalia yale mawe makubwa ya upande wa pili, halafu akaniuliza, "Kumbe juu ya yale mawe kuna nyumba?" Alizaliwa mtaa ule. Mwaka huo alikuwa ameshachapwa kwa kutonakili kazi ya ubaoni.

Wala si mmoja. Utafiti uliofanyika kwa wanafunzi 2,511 wa sekondari hapa hapa jijini Mwanza, ukachapishwa 2002, ulikuta asilimia 5.6 hawaoni mbali. Kwenye mkondo wa wanafunzi sitini, hao ni watatu au wanne. Na kati ya wote waliokuwa na kasoro kubwa ya kuhitaji miwani, waliokuwa wanavaa hawakuzidi theluthi moja. Watafiti wakaendelea Dar es Salaam: kundi moja wakaligawia miwani bure, jingine wakaligawia karatasi ya namba likanunue. Baada ya miezi mitatu, hata katika kundi la bure waliokuwa wakiitumia hawakufika nusu, na la karatasi ni kama robo. Hapo ndipo ninapowaomba walimu. Mtoto akija na miwani mpya na wenzake wakaanza kumwita babu, neno lenu la siku ile ya kwanza ndilo litakaloamua kama miwani itabaki usoni au itaishia chini ya godoro.

Mpaka miwani iwe tayari, mwombe mwalimu amweke dawati la mbele, na mwambie kwa nini.

Simu au tuisheni?

*Habari za kazi dokta. Mimi na mke wangu wote tunavaa miwani. Binti yetu wa miaka minane ameanza na minasi moja, mdogo wake wa miaka mitano bado anaona vizuri. Mke wangu anasema ni simu. Mimi nasema ni damu yetu, hakuna cha kufanya. Nani mkweli? — Baba wa Nyegezi*

Nzuri, baba. Damu ipo. Mtoto mwenye mzazi mmoja asiyeona mbali yuko kwenye hatari zaidi, na mwenye wawili zaidi tena. Lakini damu haielezi kwa nini kwenye miji mingi ya Asia Mashariki vijana wanane au tisa kati ya kumi wanamaliza sekondari wakiwa hawaoni mbali, wakati babu zao hawakuwa hivyo. Damu haibadiliki kwa vizazi viwili. Kilichobadilika ni siku ya mtoto.

Mkeo yuko karibu na ukweli, ila simu ni nusu tu ya maneno. Nusu nyingine ni jua ambalo mtoto halipati. Mwanga wa mchana unapoingia jichoni, retina inatoa kemikali iitwayo dopamini, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba dopamini hiyo huliambia jicho lipunguze kurefuka. Ndani ya darasa au sebuleni kwa kawaida mwanga haufiki lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga). Toka nje mchana, unapita 10,000 kwa urahisi, na jua la utosini linakaribia 100,000. Hata chini ya mwembe, kivulini, mtoto anapata mwanga mwingi mara kadhaa kuliko chini ya balbu.

Wachina walilipima hili kwenye shule za msingi za Guangzhou. Watoto wa darasa la kwanza katika shule sita waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, wasioona mbali wapya kwao walikuwa asilimia 30.4, kwenye shule ambazo hazikuongezewa, asilimia 39.5. Taiwan nao tangu 2010 wana mpango wa kitaifa wa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku, na baada ya miaka mingi ya kupanda, idadi ya wanafunzi wa msingi wasioona mbali ikaanza kushuka.

Sasa angalia siku ya binti yako. Hapa kwetu jua linachomoza kabla ya saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni, mwaka mzima, wala hatuna baridi ya kutufungia ndani. Watoto wa wenzetu wanautafuta mwanga huu kwa programu za serikali, sisi tumepewa bure. Na bado tunamchukua mtoto wa miaka minane, tunamweka darasani asubuhi, tukitoka tunampeleka tuisheni kwenye chumba chenye dirisha moja mpaka saa kumi na mbili, Jumamosi tuisheni tena, akirudi anapewa homuweki na simu ya kumtuliza. Mimi ni mzazi, naujua woga wa mitihani. Lakini tuisheni ya kila siku kwa mtoto wa darasa la pili naipinga, na sababu ninayo kwenye faili zangu za kliniki.

Nieleweke vizuri hapa: kukaa nje kunafanya kazi zaidi kwa mtoto ambaye bado hajaanza. Kwa hiyo huyo wa miaka mitano ndiye wa kumwokoa kwanza. Saa mbili nje kila siku, si lazima kwa mkupuo, mpira, kamba, kwenda dukani, kuteka maji, vyote vinahesabiwa. Asitazame jua lenyewe. Dada yake naye atoke, itamfaa, ila kwake nje peke yake haitatosha. Ongezeni umbali: kitabu na simu visikae karibu kuliko urefu wa kutoka kiwiko chake hadi ngumi. Kila akisoma kama nusu saa, anyanyue kichwa aangalie ziwa. Kama ni lazima kuna katuni, heri iwe kwenye televisheni iliyo ukutani kuliko simu iliyo puani.

Namba yake ikiwa inapanda kwa nusu au zaidi kila mwaka, mwone daktari wa macho mzungumze kuhusu kupunguza kasi. Kuna miwani na lenzi za kuweka jichoni zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na kuna matone ya atropini yaliyozimuliwa sana. Majaribio ya Singapore na Hong Kong yameonyesha kwamba matone hayo yakitiwa kila usiku hupunguza mwendo wa namba. Ya asilimia 0.05 yalifanya kazi vizuri kuliko ya 0.01. Hayarudishi nyuma kilichokwisha kurefuka. Na tafadhali, msiende duka la dawa kununua atropini ya kawaida. Ile ni ya asilimia 1, kali mara ishirini ya hiyo ya 0.05, mtoto atashindwa kusoma na mwanga utamchoma macho.

Taa za usiku zinatawanyika

*Dada, mimi ni nahodha wa mtumbwi wa dagaa, Ukara. Umri miaka 34. Mchana naona bila wasiwasi. Ila tukiingia giza, taa za mitumbwi mingine zinatawanyika, sijui ipi iko karibu ipi iko mbali. Wenzangu wameanza kunitania. Je, naelekea upofu? Nikitumia lenzi za ndani ya jicho nitafaa kwa kazi yangu? — Nahodha, Ukara*

Kaka, upofu ni mbali na ulivyoandika. Wewe mwenyewe umeshanisaidia kulipambanua: taa unaziona, ila zinatawanyika. Mtu mwenye ugonjwa wa kutoona gizani hukosa njia, hujikwaa kwenye kasia lililo miguuni pake, hata taa ikiwepo. Wako una sura ya minasi ndogo, labda nusu au robo tatu, ambayo mchana inajificha. Juani mboni inabana na kubaki tundu dogo, na tundu dogo linasafisha picha. Ndicho mnachofanya mkikunja macho kuangalia mbali. Gizani mboni inafunguka yote, kasoro iliyokuwa imefichwa inatoka, na jicho likikosa kitu cha kukishika huko mbali hujivuta lenyewe kuona karibu. Ninyi mnafanya kazi giza la mwezi, mnawasha taa zenu za sola juu ya maji meusi: hakuna mahali kasoro hiyo ingeonekana vizuri zaidi.

Kapimwe, na umwambie anayekupima kwamba shida ni ya usiku na kazi yako ni ya usiku, asikuachie kwa kuwa umesoma chati mchana. Huenda ukapewa miwani ya kuvaa kazini tu. Ifunge kwa kamba nyuma ya kichwa. Aangalie pia presha ya jicho na mtoto wa jicho, umri wako ni mdogo lakini usiku hautaki kubahatisha. Ukija kuona kwamba hata njia ya kutoka mwaloni kwenda nyumbani unaikosa gizani, hilo ni jambo jingine, na vitamini A inaweza kuhusika. Kwa watoto wenu hasa, msikose kuwapeleka kupata matone yao ya vitamini A mara mbili kwa mwaka mpaka wafike miaka mitano, na viazi lishe, maini na mboga za majani viwepo sahanini.

Lenzi za ndani, zile za kubandika juu ya jicho, hapana. Si kwa kazi ya ziwani. Maji ya ziwa yana amiba wanaoweza kujibanza chini ya lenzi na kuila konea, maumivu yake ni makali na matibabu yake ni ya miezi. Na mchana vaa kofia pana na miwani ya jua. Kile kinyama kinachotambaa kutoka pembe ya jicho kuelekea mboni, ambacho wavuvi wengi wanacho, kinaletwa na jua na upepo, kikifika mbali kinapindisha konea na kuharibu uoni kwa namna yake.

Nimeambiwa nisisukume

*Shikamoo. Nina ujauzito wa miezi saba, wa kwanza. Navaa minasi tisa tangu sekondari. Shangazi yangu ameniambia mwenye miwani mizito akisukuma mtoto jicho linapasuka, lazima nifanyiwe upasuaji. Tena wiki hii jicho la kushoto naona cheche pembeni na vitu vyeusi vinaelea kama nzi. — Ilemela*

Huyu dada nilimjibu kwa simu siku ile ile nilipoisoma barua. Naichapa kwa ruhusa yake kwa ajili ya wengine, na nianze na sentensi yake ya mwisho, ambayo ndiyo nzito kuliko zote.

Cheche pembeni ya jicho, nzi weusi wapya wengi kwa ghafla, au kivuli kama pazia kinachoshuka au kupanda upande mmoja: ukipata lolote kati ya hayo, nenda hospitali yenye idara ya macho siku hiyo hiyo. Kwa hapa Mwanza nenda Bugando. Usisubiri Jumatatu, usisubiri mshahara, usitie matone ya dukani, na usidanganyike kwa sababu haiumi. Retina haina maumivu. Jicho la minasi tisa limerefuka kwa milimita kama tatu, na retina yake imetandazwa juu ya eneo kubwa kuliko ilivyokusudiwa, imekuwa nyembamba, inaweza kutoboka. Ikiwa tundu tu, linaweza kuzungushiwa leza na kuzibwa. Maji yakipenya chini yake retina inabanduka, hapo ni upasuaji mkubwa, na ikishabanduka katikati, uoni mara nyingi haurudi wote.

Kuhusu kusukuma: shangazi hakuyatunga, hata baadhi ya wahudumu wa afya huyasema. Lakini wanawake wenye minasi kubwa wamefuatiliwa, wamechunguzwa retina kabla na baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na kusukuma hakukuonekana kuibandua. Minasi kubwa peke yake si sababu ya kupasuliwa. Daktari wako wa uzazi aamue kwa sababu za uzazi. Kinachotakiwa kwa jicho ni kutanuliwa mboni kwa matone na kuchunguzwa retina, tena sasa, kabla ya uchungu.

Na hili ni la kila mwenye minasi sita kwenda juu, mwanamke kwa mwanamume: miwani inakupa uoni, haiponyi jicho lililorefuka. Hatari ya kubanduka retina, ya glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa kuona, na ya kuchakaa kwa katikati ya retina inabaki pale pale ndani. Chunguzwa mboni ikiwa imetanuliwa kila mwaka, hata kama miwani yako bado inakufaa.

Nataka leza niachane na miwani

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Malimbe, miaka 19, minasi nne. Nikifanyiwa leza nitapona kabisa?*

Subiri kwanza. Leza inachonga konea ili miwani isihitajike, na kwa mtu anayefaa matokeo ni mazuri. Wewe bado hujafaa: namba yako inatakiwa iwe imetulia kwa mwaka mzima au zaidi, na kwa wengi inatulia baada ya miaka ya ishirini kuanza. Konea ipimwe unene na umbo. Kama una macho yanayowasha na una tabia ya kuyasugua, sema, kwa sababu kusugua kunaweza kuidhoofisha konea ikachongoka, na mwenye hali hiyo hafanyiwi leza. Retina haiguswi na leza hiyo, kwa hiyo niliyoyaandika hapo juu yanakuhusu hata baada ya kuvua miwani. Mazoezi ya macho unayoyaona mtandaoni na ile miwani yenye vitundu haviwezi kulifupisha jicho. Karoti kula tu, ni chakula kizuri.

Macho yangu yamerudi ujana

*Mwanangu, nina miaka 66, naishi Sengerema. Kwa miaka mingi nilisoma Biblia kwa miwani ya plasi mbili na nusu. Tangu mwaka jana naisoma bila miwani, namshukuru Mungu. Ila watu wa mbali sasa siwatambui, wananisalimia njiani nabaki kuuliza ni nani. Wanangu wanataka kuninunulia miwani ya mbali. Niikubali?*

Shikamoo baba. Miwani usiikatae, ila isiwe ya kwanza. Macho ya mtu wa miaka 66 hayarudi ujana kwa kusoma. Yakianza kusoma bila miwani na papo hapo yakapoteza mbali, maana yake yamegeuka kuwa ya minasi, na kwa umri wako kuna njia mbili kuu za kufika huko.

Ya kwanza ni mtoto wa jicho anayeanzia katikati ya lenzi. Lenzi ikikomaa na kuwa nzito inaukunja mwanga kupita kiasi, mtu anafurahi anasoma bila miwani kwa muda, kisha ukungu unaendelea mpaka na karibu kunafungwa. Kama rangi zinaonekana zimefifia na kugeuka za kahawia, na taa za pikipiki usiku zinakupofusha, fikiria hilo. Mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji na kuwekwa lenzi bandia, na lenzi hiyo ikichaguliwa kwa vipimo inaweza kukuondolea na hiyo minasi. Kununua miwani ya mbali leo, ukainunua tena baada ya miezi kwa sababu namba imehama, ni kuwapotezea wanao hela.

Ya pili ni sukari. Sukari ikipanda kwenye damu lenzi inabadilika na namba inahama, wakati mwingine kwa siku chache, ikishuka namba inarudi. Wapo niliowaandikia kipimo cha sukari badala ya miwani, wakakutwa na kisukari ambacho hawakukijua. Kwako imekuwa polepole, mwaka mzima, kwa hiyo namwelekea zaidi mtoto wa jicho, lakini kipimo ni tone moja la damu ya kidole na kinafanyika hapo hapo Sengerema. Kapime kabla hujala asubuhi, chukua karatasi ya majibu, ndipo upande gari kuja mjini kwa daktari wa macho. Siku hiyo njoo na mjukuu wa kukushika mkono, maana utatiwa matone ya kutanua mboni, na barabarani usirudi peke yako. Ile miwani yako ya zamani ya plasi mbili na nusu nayo ije mfukoni. Daktari akiipima atajua macho yako yamehama kwa kiasi gani.